Wageni Wawili katika Kibanja Kimoja: Mkaza Mwana, Mkwe na Huzuni katika Nchi ya Wahaya

Maandishi yaliyoachwa na watu walioichunguza jamii ya Wahaya tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kuanzia kitabu cha Mjerumani Hermann Rehse kuhusu Kiziba, mojawapo ya falme za Wahaya, kilichochapishwa mwaka 1910 hadi mkusanyo wa sheria za mila uliotolewa na Hans Cory na M. M. Hartnoll mwaka 1945, yanaieleza ndoa kama mapatano baina ya koo mbili, yanaipima mahari na kuwapanga warithi kwa daraja zao, lakini hayana sura inayohusu moyo wa mwanamke aliyehamia kwa wakwe zake. Anayetaka kuiandika historia ya moyo huo hana budi kuitafuta pembezoni: katika ibada za mizimu, katika orodha za wasichana waliokimbilia misheni, katika malalamiko ya machifu kuhusu wanawake waliopanda meli bila ruhusa, katika hukumu za mahakama, na baadaye kabisa katika taarifa za wataalamu wa afya ya akili. Vyanzo hivyo vikisomwa pamoja vinaonyesha kwamba uhasama wa mkwe na mkaza mwana katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, haukuzaliwa na ukali wa wanawake wazee peke yake, kama inavyodaiwa mara nyingi vilabuni na hata makanisani, bali ulipandwa na kumwagiliwa na utaratibu wa ardhi uliowafanya wanawake wote wawili kuwa wageni katika mji mmoja.

Sonona inatajwa hapa kwa maana yake ya kitabibu, yaani hali ya huzuni nzito au ya kupoteza hamu ya kila jambo, inayomshika mtu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili, huku usingizi ukiharibika, chakula kikikosa ladha, nguvu zikiisha, na mhusika akijiona hana thamani hata akafikia kuwaza kifo. Si kila mkaza mwana aliyeonewa aliugua sonona, wala si kila mgonjwa wa sonona alikuwa na mkwe mkorofi, na ingekuwa kosa kuwapachika wanawake wa karne iliyopita ugonjwa ambao hawakupimwa. Hata hivyo, mazingira yanayojulikana leo kuwa yanaizaa hali hiyo yaliwekwa ndani ya ndoa ya Kihaya kwa uwazi mkubwa, na wanawake wenyewe walizitafuta njia za kujiponya karne nyingi kabla ya zahanati ya kwanza kujengwa.

Msingi wa maisha ya Mhaya ni kibanja, yaani shamba la kudumu la migomba linalozunguka nyumba, ambamo mibuni, maharage na miti ya matunda hupandwa chini ya kivuli cha migomba hiyo, na ambamo wafu wa familia huzikwa. Kibanja hakikuwa mali ya mtu binafsi kwa maana kamili, kwa kuwa nyuma ya mwenye kukilima ulisimama ukoo, unaoitwa oluganda, ambao wanaume wake walikuwa na haki ya kuzuia ardhi isitoke nje ya damu yao. Nje ya vibanja lilienea rweya, uwanda wa nyasi wenye udongo hafifu, ambako nyasi zilikatwa kwa kuezekea nyumba na kutandaza shambani, na ambako wanawake walilima vishamba vya muda vilivyoitwa emisiri, wakipanda njugumawe na mazao mengine ya msimu. Tofauti hii ya udongo ilikuwa pia tofauti ya haki, kwa sababu ardhi tajiri na ya kudumu ilirithiwa na wanaume, ilhali ardhi maskini na ya muda ndiyo iliyoachiwa jembe la mwanamke bila ubishi mwingi.

Kijana alipooa, baba yake alimkatia sehemu ya kibanja au alimweka karibu na mji wake, na bibi harusi akaletwa kutoka ukoo mwingine, kwa kuwa watu wa ukoo mmoja hawakuoana. Miezi ya kwanza ya ndoa ilikuwa ya kutengwa ndani, ambapo mwali hakufanya kazi nzito, alilishwa vizuri na kutunzwa chini ya macho ya jamaa za mumewe, na hasa ya mama mkwe wake. Kipindi hicho kimeelezwa na wengi kama cha heshima, na kweli kilikuwa na heshima yake, lakini kilikuwa pia shule ya utii, kwa kuwa ndani yake mgeni alijifunza nani hupika kwanza, nani hupiga magoti mbele ya nani, na mafiga ya nani yana neno la mwisho. Kilipokwisha, mkaza mwana, ambaye kwa Kihaya huitwa omukamwana, alitoka akiwa mfanyakazi wa kibanja kisichokuwa chake, mbele ya mwanamke mwingine aliyekifanyia kazi miaka thelathini au arobaini na ambaye kwake pia hakikuwa chake.

Hapa ndipo lilipo fundo la jambo zima, na masimulizi mengi hulipita haraka mno. Mama mkwe naye aliwahi kuletwa kutoka ukoo mwingine. Naye alipiga magoti, akapalilia migomba isiyo yake na kuzaa watoto waliohesabiwa kuwa wa ukoo wa mumewe. Mume alipofariki, mji uliangukia mikononi mwa musika, yaani mrithi mkuu, ambaye kwa kawaida alikuwa mtoto wa kiume wa kwanza, na mjane akabaki pale kwa hisani ya wanawe. Utaratibu huu haukuishia katika enzi ya wafalme, kwa maana Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililochapishwa kama Tangazo la Serikali namba 436, liliuandika wazi: mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, na fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Kwa mwanamke mzee aliyewekwa katika hali hiyo, mapenzi ya mwanawe wa kiume yalikuwa bima yake ya pekee, na kila mwanamke kijana aliyeingia nyumbani na kuyavuta mapenzi hayo upande wake alitishia chakula, paa na hata kaburi la mama huyo. Ukali wake hauwezi kuhalalishwa kwa hoja hii, kwa sababu maumivu aliyoyasababisha yalikuwa ya kweli, lakini unaeleweka. Na usipoeleweka hakuna tiba itakayoufikia.

Upande wa mkaza mwana, hali ilikuwa nzito kwa namna ambayo utafiti wa mbali sana na Bukoba umesaidia kuieleza. Mwaka 1978 wanasosholojia George Brown na Tirril Harris walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wanawake wa Camberwell, mtaa wa London, wakaonyesha kwamba tukio zito la maisha humwangusha mwanamke katika sonona hasa anapokuwa hana mtu wa karibu wa kumweleza siri zake, anapolea watoto watatu au zaidi walio chini ya miaka 14, anapokosa kazi nje ya nyumba, au alipofiwa na mama yake kabla ya kutimiza miaka 11. Jambo la kwanza kati ya hayo, kukosa msiri, ndilo lililokuwa sehemu ya mpango wa ndoa yenyewe: mwali alitenganishwa na mama yake, na dada zake, na rafiki zake wa kuteka maji, akawekwa miongoni mwa watu ambao kila neno alilowaambia lingeweza kurudi kwa mkwe wake. Mume angeweza kuwa msiri, na wapo waliokuwa hivyo, lakini mwana aliyeegemea upande wa mkewe dhidi ya mama yake alihesabiwa kuwa amepungukiwa na adabu, na wengi walichagua kunyamaza.

Njia ya kwanza ya kujinusuru ilikuwa kurudi kwao. Mwanamke aliyeshindwa na maisha ya ukweni aliondoka, akaenda kwa baba yake au kwa kaka yake, na mume akalazimika kumfuata, kusikiliza mashtaka mbele ya wazee, kukiri kosa la watu wake, na kwa kawaida kuleta pombe ya ndizi, rubisi, ya kupatanishia. Kikao hicho kilikuwa na thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kilikuwa mahali pekee ambapo maneno ya mkaza mwana yalisikilizwa na watu wa pande zote mbili kabla ya kuamuliwa. Udhaifu wake ulikuwa mahari. Baba aliyepokea mahari alipaswa kuirudisha ndoa ikivunjika, na pengine alikwisha kuitumia kumwolea mwanawe wa kiume, hivyo uhuru wa binti ulitegemea mfuko wa kaka yake. Bei ya kahawa ilipopanda katika miaka ya 1920 na fedha kujaa mikononi mwa wanaume wa Buhaya, yaani nchi ya Wahaya, mahari nayo ilipanda, na kwa kadiri ilivyopanda ndivyo familia nyingi zilivyozidi kumsihi binti yao arudi akavumilie. Watu husema kwamba kahawa iliiinua Bukoba, na ni kweli kwa upande wa shule na nyumba za bati, lakini kwa mwanamke aliyetaka kutoka katika ndoa iliyomtesa, utajiri huohuo ulikuwa kufuli.

Njia ya pili ilipitia kwa mizimu. Katika nchi zote za kaskazini na magharibi ya Ziwa Victoria, kutoka Bunyoro hadi Buzinza, watu walikuwa na ibada ya Bacwezi, watawala wa masimulizi ya kale waliotoweka na kuendelea kuheshimiwa kama mizimu, ambao kwa Wahaya waliongozwa na Wamara, wakifuatiwa na Mugasha mwenye ziwa na tufani, Irungu mwenye pori, na wengine. Mtu aliyepandwa na mmoja wao aliitwa embandwa, yaani chombo na mtumishi wa mzimu huyo. Maradhi yasiyoeleweka, utasa, ndoto mbaya, kudhoofika kusiko na sababu na kujitenga na watu vilichukuliwa mara nyingi kuwa dalili za mzimu anayedai kutambuliwa, na tiba yake ilikuwa kumwingiza mgonjwa katika jamii ya embandwa kwa sherehe iliyompa jina jipya, ndugu wapya na lugha ya siri. Wengi wa watumishi hao walikuwa wanawake. Mwanahistoria Iris Berger, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu dini na upinzani katika falme za maziwa makuu, ameonyesha jinsi ibada hizi zilivyowapa wanawake cheo ambacho maisha ya kawaida yaliwanyima, kwa kuwa embandwa aliyepandwa alisema kwa sauti ya mzimu, na waliomzunguka, wakwe wakiwemo, walipaswa kumsikiliza, kumtolea sadaka na kutii masharti yake.

Ni rahisi kwa msomaji wa leo, hasa aliyelelewa kanisani, kuyaona haya kuwa giza la zamani tu. Lakini tukipima kazi iliyofanywa, ibada ilimtoa mgonjwa katika upweke, ikamhamisha kutoka kundi la wanaolaumiwa hadi kundi la wanaoheshimiwa, na ikamruhusu kuyasema mbele ya watu mambo ambayo kinywa cha mkaza mwana hakikuruhusiwa kuyatamka. Daktari na mwanaethnografia Margaret Field, aliyechunguza wagonjwa waliokwenda kwenye mahekalu ya mizimu vijijini Ghana na kuchapisha kazi yake mwaka 1960, aliwakuta wanawake wengi wenye dalili kamili za sonona wakijituhumu uchawi na kutafuta nafuu huko, wakati ambapo hospitali hazikujua kwamba wapo. Yaelekea embandwa wa Buhaya walipokea wagonjwa wa aina hiyo pia. Gharama yake haikuwa ndogo, kwa sababu sherehe zilidai mali, na nafuu iliyopatikana haikugusa haki ya mwanamke katika kibanja. Alirudi nyumbani akiogopwa zaidi, ila bado hakuwa na ardhi.

Wamisionari Wakatoliki, White Fathers, walifungua kituo Kashozi mwaka 1892, miaka miwili baada ya Emin Pasha kuweka ngome ya Wajerumani pale palipokuja kuwa mji wa Bukoba, na Waprotestanti wa misheni ya Bethel wakafuata mwaka 1910. Wote wawili walizipiga vita ibada za Bacwezi, na kwa kufanya hivyo waliwaondolea wanawake mlango mmoja wa kutokea, lakini bila kukusudia sana walifungua mwingine. Mtafiti Mswidi Birgitta Larsson, aliyeandika mwaka 1991 kuhusu wanawake, kanisa na mabadiliko ya jamii katika Buhaya ya kikoloni, ameeleza namna wasichana na wake walivyokimbilia misheni kuepuka ndoa walizolazimishwa au zilizowachosha, na namna utawa ulivyokuwa kwa baadhi yao njia ya kuishi maisha yenye heshima bila mume na bila mkwe. Kuzaliwa kwa mashirika ya masista Wahaya kulishtua koo nyingi, ambazo hazikuwahi kuona mwanamke mzima aliyekataa ndoa akiheshimiwa na watu. Larsson ameweka alama ya kuuliza katika kichwa cha kitabu chake kinachotaja uongofu na uhuru, na ameiweka kwa haki, maana kanisa hilohilo lililompokea msichana aliyekimbia lilimfundisha mke aliyeolewa kanisani kwamba ndoa haivunjwi, na mwanamke aliyekuwa na njia ya kurudi kwao kwa mila alijikuta hana njia hiyo kwa sakramenti.

Katika miaka ya 1930 na 1940 likaja wimbi la Uamsho, harakati iliyoanzia Rwanda na Uganda na kuenea Buhaya miongoni mwa Walutheri, na wafuasi wake walijulikana kama Walokole, yaani waliookoka. Mikutano yao ilikuwa ya kukiri hadharani, kulia, kusameheana na kuimba, na wanawake walijaa humo. Mkaza mwana aliyeingia katika ushirika huo alipata dada na kaka wapya nje ya ukoo wa mumewe, watu wa kumtembelea, kumwombea na kumsikiliza kila wiki, na pale mama mkwe naye alipookoka, wote wawili waliweza kuombana msamaha mbele ya mashahidi. Ushirika huu, kwa sura yake, haukuwa mbali na ule wa embandwa uliokuwa ukiukemea, kwani kila mmoja ulimpa mgonjwa undugu wa pili na kibali cha kusema. Palipokuwa na upungufu, ulikuwa katika fundisho lililomtaka mwenye huzuni aitafute dhambi ndani yake kwanza, wakati mtu wa sonona tayari anajilaumu kupita kiasi na hahitaji kusaidiwa katika kazi hiyo.

Njia iliyosemwa vibaya zaidi kuliko zote ilikuwa ile ya ziwani. Tangu miaka ya kati ya vita kuu mbili, wanawake wa Kihaya, wengi wao walioachika au kukimbia waume, walipanda meli na malori kwenda Kampala, Nairobi na Mombasa, ambako baadhi yao waliishi kwa biashara ya ngono. Mwanahistoria Luise White, katika utafiti wake kuhusu Nairobi uliochapishwa mwaka 1990, amewakuta wanawake hao, walioitwa Waziba kwa jina la watu wa Kiziba, katika mitaa ya Pumwani, na ameonyesha kwamba sehemu kubwa ya fedha zao haikutumika mjini bali ilirudi Bukoba kwa wazazi na kununulia ardhi. Machifu na vyama vya wanaume wa Kihaya mijini vilijaribu mara kwa mara kuwazuia wasisafiri au kuwarudisha kwa nguvu, na aibu iliyoelekezwa kwao haijafutika hata leo, kiasi kwamba jina la Mhaya bado linatumiwa kwa matusi na watu wasiojua walichotafuta wanawake hao. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyeishi na kufanya kazi Tanzania kwa miaka mingi, aliwaona kuwa watu waliokataa mfumo uliowanyima ardhi na kuwafunga katika ndoa zisizovumilika, na mtazamo huo una nguvu kuliko mahubiri yote yaliyotolewa dhidi yao. Kwa mila, ardhi iliyonunuliwa kwa fedha ya mtu haikuwa na masharti yaleyale ya ardhi ya ukoo. Mwanamke aliyerudi na kununua kibanja chake alikuwa, pengine kwa mara ya kwanza katika ukoo wa mama yake, na mji ambao hakuna mkwe angeweza kumfukuza.

Wakati haya yakitokea, utabibu wa kikoloni ulikuwa ukifundisha kwamba Mwafrika haugui sonona. J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi, aliandika mwaka 1953 kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani akidai kwamba ugonjwa huo ni nadra miongoni mwa Waafrika kwa sababu hawana hisia ya wajibu wa binafsi. Hakuwaona kwa kuwa hawakuletwa kwake. Waliofikishwa Mathari, kama waliofikishwa Mirembe mjini Dodoma, walikuwa wale waliovuruga amani ya watu, si mwanamke anayepalilia kimya huku machozi yakimdondoka. Ilipofika mwaka 1979, John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika vijiji viwili vya Uganda, wakiwalinganisha wanawake wa huko na wale wa Camberwell, na wakakuta sonona nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko London. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza kusini ya Buganda uliwalinda Wahaya na jambo hilo.

Sheria ilianza kubadilika kwa mwendo wa polepole. Sheria ya Nyarubanja ya mwaka 1965 iliwaondolea wakulima mzigo wa kuwatumikia mabwana waliopewa ardhi na wafalme, lakini haikugusa nafasi ya mwanamke ndani ya kibanja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliharamisha kipigo baina ya wanandoa kama adhabu na kuanzisha mabaraza ya usuluhishi ambayo hupaswa kusikiliza mgogoro kabla ya talaka, ingawa mkwe, ambaye mara nyingi ndiye kiini cha mgogoro huo, si mdaiwa katika baraza. Kisha ikatoka Muleba kesi ambayo leo husomwa katika vyuo vya sheria duniani kote, ya Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory. Mwanamke aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wosia aliliuza mwaka 1988 kwa mtu wa nje ya ukoo, mpwa wake akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo, akashinda hapo, akashindwa katika Mahakama ya Wilaya, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa katika Katiba, na kwamba kuanzia siku ile wanawake na wanaume watakuwa na haki sawa za kuuza ardhi ya ukoo. Shauri hilo lilimhusu binti na si mkaza mwana, lakini lilikuwa na maana pia kwa kila mwanamke aliyeonewa ukweni, kwa sababu binti mwenye ardhi kwao ana mahali pa kurudi pasipomtegemea kaka. Wajane hawakufikiwa na hukumu ile. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania imekiuka mkataba huo katika shauri la wajane wawili Wasukuma wa Shinyanga waliotolewa katika nyumba zao na jamaa za waume, na sheria iliyolaumiwa ilikuwa ileile ya mwaka 1963.

UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza kutambuliwa nchini walipatikana Kagera mwaka 1983, uliuchoma uhusiano huu mahali palipokuwa na kidonda tayari. Kijana alipokufa, mama yake alimpoteza mlinzi na bima kwa siku moja, na mara nyingi lawama iliangukia kwa mkewe, kwamba ndiye aliyeleta maradhi au uchawi, naye akafukuzwa akiwa mjane, pengine mgonjwa, watoto wakibaki kwa bibi yao. Kisha wajane nao wakafa, na vijiji vya Muleba vikajaa nyumba zenye watu wa vizazi viwili vilivyorukana, bibi na wajukuu, wote wakiwa na msiba ambao haukupata nafasi ya kuliliwa. Ni katika hali hiyo ambapo mwaka 1997 ulianzishwa Nshamba mradi wa Humuliza, uliowafundisha walimu na walezi namna ya kuzungumza na yatima kuhusu vifo vya wazazi wao, na ambao mbinu zake zilisaidia kuzaa mtandao wa msaada wa kisaikolojia kwa watoto katika nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika.

Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, watafiti wakiongozwa na Paul Bolton walifanya mwaka 2002 jaribio ambalo Wahaya wangelitambua mara moja, kwa kuwa watu wa huko ni majirani zao kwa lugha, chakula na desturi za ndoa. Walichagua vijiji 30, na katika nusu yake wakaunda vikundi vya wanawake au vya wanaume, kila kikundi kikiongozwa na mtu wa hapohapo mwenye jinsia moja na washiriki, aliyefunzwa kwa muda mfupi, kikikutana mara moja kwa wiki kwa majuma 16. Tiba hiyo huitwa tiba ya mahusiano, na inasimama juu ya wazo kwamba sonona huanza au huzidi pale mtu anapofiwa, anapobadilishiwa nafasi yake katika maisha, au anapokuwa katika mgogoro na mtu wa karibu ambao pande mbili zinatarajiana mambo yasiyolingana. Ndoa ya mkaza mwana ina mawili ya mwisho tangu siku ya kwanza. Kikundi humsaidia mshiriki kuutaja mgogoro wake, kupima kama bado unaweza kuzungumzwa au umekwisha kukwama, na kujaribu nyumbani njia aliyoifanyia mazoezi mbele ya wenzake, kwa mfano kumtafuta shangazi wa mume awe mpatanishi badala ya kumjibu mkwe jikoni. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya washiriki wa vikundi walikuwa na vigezo kamili vya sonona, na baada yake zilibaki 6.5, ilhali katika vijiji visivyopata tiba kiwango kilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa tiba hiyo ya vikundi ili itumiwe na wahudumu wasio wataalamu mahali popote.

Anayeyasoma matokeo hayo akiwa na historia ya Buhaya mkononi ataona kwamba kikao cha kila wiki cha wanawake chini ya mwanamke mwenzao kimefanya, kwa vipimo na bila sadaka wala toba, kazi ambayo kikao cha wazee wa pande mbili, jamii ya embandwa na ushirika wa Walokole viliwahi kuifanya kila kimoja kwa namna yake. Kwa mwanamke wa leo wa Kamachumu au Kanyigo anayeamka kila siku bila nguvu na kuwaza kwamba heri asingekuwepo, hatua ya haraka ni kumwona mhudumu wa afya katika kituo cha karibu au katika hospitali kama Ndolage, Rubya na ile ya rufaa ya mkoa mjini Bukoba, kwa maana sonona kali ina dawa pia na haipaswi kusubiri upatanisho wa familia. Lakini dawa haimpi msiri, na msiri hampi ardhi, na ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, ni jambo la afya ya akili kama ilivyo jambo la shamba. Tatizo ni kwamba hutumiwa na wachache, kwa kuwa anayekwenda kuidai hulazimika kuwashtaki watu anaokula nao.

Upande wa mama mkwe umepata uangalizi mdogo zaidi, na huenda ndiko kulikobaki kazi kubwa kuliko kwingine. Mwaka 2003 ulianza Nshamba mradi uitwao Kwa Wazee, ambao huwalipa wazee maskini, wengi wao wakiwa mabibi wanaolea wajukuu, pensheni ndogo ya fedha taslimu. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008, iliyowalinganisha wazee waliokuwa wakilipwa na wasiolipwa, ilikuta kwamba waliolipwa walikula vizuri zaidi na walikuwa na mfadhaiko mdogo zaidi, na vitu walivyonunua vilikuwa chumvi, sabuni na viatu vya shule vya wajukuu. Mradi haukuundwa kwa ajili ya kupatanisha wakwe na wake za wana wao. Lakini mwanamke mzee mwenye fedha yake mwenyewe, isiyopitia mkononi mwa mwanawe, amepunguziwa sababu ya kumhofia mke wa mwana huyo, na katika miaka mia moja na zaidi ya kuwahubiria wanawake hawa uvumilivu, hilo halikuwa limejaribiwa katika Buhaya.